Kwa nini kila gari la mtumba unalonunua linakuwa na rangi ileile usiyoitaka

Mtu ananunua gari lililotumika kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu linakuwa silva, rangi aliyokwisha kusema hataki kuiona tena mbele ya nyumba yake. Kwa kawaida atasema ana mkosi. Bahati ina sehemu yake, lakini ni ndogo. Sehemu kubwa ya jambo hili iliamuliwa miaka mitano, minane au kumi kabla hajaanza kutafuta, tena na watu asiowajua: kampuni iliyonunua magari mia kwa mpigo, muuzaji aliyeagiza magari ya kujaza yadi kabla mteja hajafika, kiwanda kilichotoa rangi tano tu kwa toleo la bei ya chini. Mnunuzi wa pili na wa tatu wanachagua ndani ya kile walichoacha wale. Anayetaka kutoka kwenye mzunguko huo inabidi ajue rangi huingiaje sokoni, kisha abadilishe hatua ambayo suala la rangi linaingia katika utafutaji wake.

Rangi ilichaguliwa na mtu mwingine

Magari kufanana rangi si jambo la leo. Ford Model T iliuzwa kwa rangi nyeusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925. Rangi za kupulizia zinazokauka haraka, kama Duco ya DuPont iliyotoka 1923, ndizo zilizofungua mlango wa magari ya bluu, kijani na manjano kutoka kiwandani kwa wingi. Mlango huo bado uko wazi, ila wanunuzi wa magari mapya hawapiti sana. Kwa miaka ya karibuni nyeupe, nyeusi, kijivu na silva, zikijumlishwa, zimechukua zaidi ya robo tatu ya magari mapya duniani. Katika ripoti za kila mwaka za kampuni ya rangi ya Axalta, nyeupe imeshika nafasi ya kwanza duniani tangu 2011. Muongo uliotangulia ulikuwa wa silva katika masoko mengi.

Hapa ndipo fundo lilipo. Soko la mitumba linafuata soko la magari mapya kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ni sawa na umri wa gari unalonunua. Anayetafuta gari la 2006 anaingia katikati ya enzi ya silva. Anayetafuta la 2016 anaingia katika bahari ya nyeupe. Kama bajeti yako imekaa miaka yote kwenye magari ya umri uleule, na kama ulinunua mara zote ndani ya enzi moja, rangi ileile kukurudia ni jambo la kutarajiwa. Wakati mwingine kusogeza mwaka wa kutengenezwa mbele au nyuma kwa miaka minne au mitano kunabadilisha rangi zilizopo kuliko kubadilisha muuzaji.

Kuna na suala la toleo. Viwanda havitoi rangi zote kwa kila gari. Bluu iliyokolea, chungwa au manjano mara nyingi hutolewa kwenye toleo la michezo au kwa mwaka mmoja au miwili ya uzinduzi, kisha huondolewa. Toleo la kawaida, lenye injini ndogo na viti vya kitambaa, ndilo linalonunuliwa na kampuni za kukodisha, mashirika na ofisi. Hao huchagua nyeupe na silva kwa sababu zenye mantiki kwao: ni rahisi kuuza baadaye, hazimchukizi mtu, na nembo ya kampuni inaonekana vizuri juu yake. Ukitafuta gari la bei nafuu lenye historia nzuri ya sevisi, unatafuta hasa gari la aina hiyo. Vigezo vyako vya busara vinakupeleka kwenye rangi usiyoitaka, na hilo hutokea hata kama hujataja rangi kabisa.

Hesabu yake

Tuseme asilimia 40 ya magari ya aina na umri unaoutaka ni silva. Ukinunua mara nne bila kujali rangi, uwezekano wa kupata silva angalau mara moja ni asilimia 87. Uwezekano wa kuipata mara mbili au zaidi ni asilimia 52, yaani zaidi ya nusu. Hata silva tatu mfululizo si muujiza: hutokea kwa mnunuzi mmoja kati ya takriban 16. Na hapo tumechukulia kwamba kila ununuzi unajitegemea, wakati mtu huwa anarudia aina ileile ya gari, umri uleule na yadi ileile, kwa hiyo uwezekano halisi uko juu zaidi.

Sasa geuza upande wa pili. Unataka nyekundu, na nyekundu ni asilimia 5 ya magari hayo. Umechuja kwa bei, injini, kilomita na hali ya bodi, yamebaki magari 10. Uwezekano wa kukuta angalau nyekundu moja kati ya hayo ni asilimia 40. Ili ufike asilimia 90 unahitaji magari 45 yanayokidhi vigezo vyako vyote. Kama rangi unayoitaka ni asilimia 2 tu ya soko, unahitaji 114. Watu wachache wana subira hiyo, kwa hiyo wiki ya tatu wanachoka na kuchukua gari lililo zuri kimitambo. Na gari lililo zuri kimitambo, kwa sababu tulizozieleza, ni silva.

Kuna njia isiyochosha: kataa rangi moja badala ya kudai rangi moja. Ukikataa silva, umebakiwa na magari sita kati ya kila kumi. Ukidai nyekundu, umebakiwa na nusu gari. Ukiwa na magari 10 mkononi, uwezekano kwamba yote ni silva ni kama mara moja kati ya 10,000. Wengi wanaolalamika kuhusu rangi hawana rangi moja wanayoipenda. Wana moja wanayoichukia. Hao waseme hivyo wazi, kwa dalali na kwa nafsi zao, na waseme mwanzoni.

Neno mwanzoni lina uzito. Kawaida watu huanza na bei, halafu injini, kilomita, sevisi, kutu, kisha rangi inakuja mwisho kabisa yakiwa yamebaki magari mawili. Kwa soko lenye silva asilimia 40, magari mawili yaliyobaki yatakuwa silva yote mawili kwa asilimia 16. Likibaki moja tu, ni asilimia 40 kamili, na wakati huo umeshalipenda, umeshalijaribu barabarani, na fundi ameshalikagua kwa pesa yako. Kukataa kunawekwa juu ya orodha, kabla hujaona gari lolote. Kupenda kunawekwa chini, kuamua kati ya magari mawili yaliyo sawa kwa mengine yote. Na rangi, hata unayoipenda kiasi gani, isishinde kutu kwenye chasisi, gia inayochelewa kuingia, au gari lisilo na kumbukumbu ya sevisi.

Picha na majina yanavyodanganya

Wapo wanaojikuta na rangi wasiyoitaka hata baada ya kuikataa, kwa sababu walinunua kwa picha. Kamera ya simu hurekebisha mwanga yenyewe. Silva iliyopigwa picha jua la jioni inatoka kama dhahabu hafifu. Ileile kwenye kivuli chini ya anga safi inatoka na ubluu. Bluu nzito, kijani nzito na zambarau iliyokolea zikipigwa kivulini hutoka nyeusi. Nyeupe ya lulu na nyeupe ya kawaida hazitofautiani kwenye picha ndogo, ingawa ni rangi mbili zenye matengenezo tofauti kabisa.

Muombe muuzaji picha tatu. Ya kwanza, mlango wa dereva ukiwa kivulini, mtu akishika karatasi nyeupe kavu karibu na bodi. Karatasi ikionekana ya manjano au ya bluu kwenye picha, ujue rangi ya gari nayo imevutwa upande huohuo. Ya pili, ukingo wa ndani wa mlango uliofunguliwa, mahali ambapo jua halifiki. Ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, kibati au stika yenye namba ya rangi.

Namba ya rangi haina ubishi. Kwenye Toyota tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, mstari ulioandikwa C/TR: herufi au tarakimu tatu za kwanza ni rangi ya bodi, zinazofuata ni za mapambo ya ndani. 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni silva, 202 ni nyeusi. Honda huweka stika kwenye fremu ya mlango, na namba inayoanza na NH ina maana gari liko kwenye familia ya nyeupe, kijivu, silva au nyeusi, hata kama tangazo limeandika jina la kishairi. Volkswagen mara nyingi huweka stika kwenye buti karibu na tairi la akiba, na nakala kwenye kitabu cha sevisi. Ukishapata namba, itafute pamoja na jina la kampuni na mwaka, na utaona picha nyingi za rangi hiyo kwenye mwanga tofauti.

Majina ya kwenye matangazo nayo yanapoteza watu kwa njia mbili. Muuzaji anaandika "silva" kwa gari la kijivu kizito au la dhahabu hafifu, nawe ukiondoa silva kwenye kichujio unalipoteza gari ambalo lingekufaa. Au anaandika "rangi nyingine" kwa bluu-kijani nzuri kwa kuwa fomu haikuwa na chaguo hilo, na anayetafuta bluu halioni kamwe. Chuja kwa vigezo vingine, acha rangi wazi, kisha pitia picha mwenyewe. Inachukua muda zaidi, lakini magari yenye rangi adimu mara nyingi yamejificha humo.

Kibati kikisema rangi moja na bodi ikionyesha nyingine, gari limebadilishwa rangi. Kwa magari yaliyopita minada ya Japani, karatasi ya mnada kwa kawaida hutaja hilo pamoja na rangi ya awali, kwa hiyo omba uione. Kwa mengine, kipimo cha unene wa rangi kitakusaidia. Rangi ya kiwandani ikijumlisha tabaka zote huwa kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 90 na 180 hivi. Paneli inayosoma 250 hadi 350 imepigwa tena juu ya ya zamani. Inayosoma 800 au zaidi ina puti, yaani uji mgumu wa kujazia mibonyeo, chini yake. Pima sehemu tano kwa kila paneli, na linganisha paneli na paneli kuliko kushikilia namba moja. Vipimo vya kawaida vinasoma chuma na alumini tu. Kwenye bampa ya plastiki havitakupa chochote. Bila kipimo, fungua milango, inua kapeti la buti, tazama vichwa vya bolti za bawaba za boneti na chini ya raba za milango. Fundi rangi aliyefanya kazi ya haraka huacha rangi ya zamani hapo.

Kabla ya kuikataa kabisa

Baadhi ya rangi zinazochukiwa zina sifa za kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory walilinganisha magari mawili yanayofanana, jeusi na silva, yaliyoachwa juani. Hewa ndani ya lile la silva ilikuwa chini kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi. Silva huficha vumbi na mikwaruzo midogo kuliko rangi nyingi. Nyeusi huonyesha kila mkwaruzo wa kitambaa cha kuoshea.

Ila silva ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji: ni ngumu kuilinganisha inaporekebishwa. Ndani yake kuna chembe bapa za alumini, na mng'ao unategemea zimelala vipi. Fundi akipulizia kwa umajimaji mwingi chembe huzama na paneli inakuwa nyeusi kidogo. Akipulizia kwa ukavu inakuwa angavu zaidi, ingawa rangi imetoka kopo moja. Ndiyo maana fundi mzuri hafanyi mlango mmoja tu. Hupulizia mlango na kuififisha rangi taratibu hadi kwenye paneli ya jirani, kisha hupiga klia, tabaka la juu linaloonyesha, paneli zote mbili nzima. Ukikagua gari la silva, simama pembeni, tazama maungio ya mlango na mudguard kwa mshazari, halafu hamia upande wa pili na utazame tena. Kazi mbovu inaonekana upande mmoja na kupotea upande mwingine.

Ukiamua kubadilisha rangi

Gari zuri kimitambo lenye rangi mbaya linaweza kubadilishwa, lakini kazi kamili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kupiga nje tu kunaacha rangi ya zamani kwenye fremu za milango, ndani ya buti na chini ya boneti, na kila unapofungua mlango utaiona. Kazi kamili inadai kufungua taa, bampa, vitasa, vioo vya pembeni, nembo na raba, na mara nyingi kuondoa kioo cha mbele na cha nyuma. Kuzungushia utepe wa karatasi wenye gundi badala ya kufungua ndiko kunakoleta ukingo mnene unaobanduka baada ya mwaka.

Kwa gari la saluni (lenye buti iliyojitenga nyuma) la ukubwa wa kati, nje peke yake inakula takriban lita 3 hadi 4 za rangi iliyokwisha kuchanganywa na lita 2.5 hadi 3 za klia. Fremu za milango huongeza kama lita moja ya rangi. Bodi inaoshwa kwanza na kufutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta na silikoni, kabla ya msasa, maana msasa husukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Puti inasawazishwa kwa msasa namba 80 na kumaliziwa kwa 180, kingo za rangi ya zamani kwa 240 hadi 320, kisha praima (rangi ya msingi), kisha 500 au 600 kabla ya rangi yenyewe. Mikono (yaani matabaka ya kupulizia) miwili au mitatu ya rangi, kila mmoja uachwe hadi upoteze mng'ao wa umajimaji, dakika 5 hadi 15 kutegemea joto. Rangi zenye chembe humaliziwa na mkono mwepesi wa mbali, sentimita 25 hadi 30 badala ya 15 hadi 20, ili kuondoa mawingu. Mwisho mikono miwili ya klia na hadena yake, dawa ya kuigandisha, mara nyingi sehemu mbili kwa moja, lakini uwiano wa kufuata ni ule ulioandikwa kwenye kopo.

Yanayoharibika hapa yana sababu zinazojulikana. Vishimo vya duara vinavyojitokeza papo hapo ni silikoni au mafuta, mara nyingi kutoka kompresa isiyo na kichujio. Malengelenge madogo siku hiyohiyo ni tina (kiyeyusho cha rangi) iliyonaswa kwa sababu mkono wa pili ulipigwa mapema. Uso wenye vijibonyeo kama ganda la chungwa unatokana na klia nzito au presha ndogo. Klia inayobanduka vipande baada ya miaka miwili ni klia nyembamba, au rangi iliyoachwa siku nzima bila kufunikwa. Nyekundu na manjano hazifuniki vizuri. Zinataka msingi wa rangi maalumu chini yake, nyeupe au kijivu, la sivyo mikono sita haitatosha na rangi ya zamani bado itachungulia. Hadena za klia zina aisosayaneti, kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Fundi anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Stika ya gari zima ni njia ya pili, na kwa gari ambalo klia yake bado imeshika tunaona ni bora kuliko rangi ya bei rahisi. Hukatwa kutoka roli yenye upana wa mita 1.52, na saluni hula kati ya mita 18 na 22. Kingo na mikunjo lazima zipashwe moto tena baada ya kubandikwa, kiasi cha nyuzi 90 hadi 110, la sivyo stika inarudi kwenye umbo lake na kujiinua kwenye pembe. Hudumu miaka mitatu hadi saba, paa na boneti zikichoka mapema kwa sababu ya jua. Usiibandike juu ya klia iliyoanza kubanduka au rangi iliyopigwa wiki iliyopita. Siku ya kuitoa itaondoka na rangi. Fremu za milango zitabaki rangi ya zamani, kwa hiyo stika nyeusi au kijivu juu ya silva inasumbua macho kidogo kuliko nyekundu.

Iwe rangi au stika, katika nchi nyingi rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake, na mabadiliko yanatakiwa kutolewa taarifa kwa mamlaka ya usajili na kwa bima. Fanya hivyo kabla gari halijasimamishwa barabarani likiwa na rangi isiyolingana na kadi. Weka picha za bodi ikiwa imefunguliwa na kusafishwa kwa msasa, weka risiti za vifaa, na andika namba mpya ya rangi kwenye karatasi ndani ya kitabu cha gari. Mnunuzi atakayekuja baadaye atasoma kibati, aone rangi nyingine, na swali lake la kwanza litakuwa ni ajali gani ilifichwa.